Insha zinazosomeka kama jumbe za simu: tatizo hasa ni lipi, na linarekebishwa vipi?

Mwalimu_Daftari

Wakuu, naomba mawazo ya wanaofundisha uandishi, wahariri, na yeyote anayeifahamu mada hii kwa undani.

Kwenye insha za wanafunzi wa sekondari kuna mambo manne yanayojirudia. La kwanza ni vifupisho vya simu: "cjui", "k2", "xaxa", "7bu". La pili ni herufi h kupotea au kuchomekwa pasipo mahali pake ("awajui", "hasante"), pamoja na maneno kukatwa katikati ("ana soma", "nime fika"). La tatu ni sentensi fupifupi zilizopangwa mfululizo bila kiunganishi, aya nzima ikiwa na maneno 15. La nne halimo kwenye karatasi: mwanafunzi huyohuyo anayechati saa nzima bila kuchoka, akiambiwa asimame aeleze jambo kwa dakika tatu, anakwama kabla ya dakika moja kwisha.

Lawama zote hutupiwa simu. Nina shaka kama yote manne yana chanzo kimoja. Naomba kujua yapi yanatokana na kuchati kweli, lipi lianze kushughulikiwa, na mazoezi gani yanatosha kwenye kipindi cha dakika 40. Kupiga marufuku simu sikuhitaji kwenye majibu. Hata simu ikifungiwa kabatini, mwanafunzi asiyejua kuunganisha sentensi atabaki hajui.

---

NuktaMkato

Mwalimu, shaka yako ina msingi. Hayo manne yana vyanzo tofauti, na ukiyatibu kwa dawa moja utapoteza muhula.

Vifupisho ndivyo vinavyoonekana haraka, na ndivyo vyenye madhara madogo kuliko vyote. Vilianza kwa sababu ya nafasi. SMS moja hubeba baiti 140 (baiti moja ni biti 8), na kwa kuwa kila herufi ilipewa biti 7, zikaingia herufi 160. Ukiweka alama moja iliyo nje ya seti ile ya herufi, emoji kwa mfano, ujumbe wote hubadilishiwa msimbo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Mtu alikuwa na sababu ya kubana. Programu za kuchati za leo hazina ubahili huo, na vifupisho bado vipo. Tazama "xaxa": ina herufi nne, sawasawa na "sasa", haiokoi chochote. Huo ni mtindo wa rika, namna ya kusema "mimi ni mwenzenu". Mtindo haufutwi kwa kalamu nyekundu, na wala hauhitaji kufutwa. Kinachohitajika ni mwandishi kujua unaishia wapi.

Utafiti nao haujasema kitu kimoja. Plester, Wood na Joshi walichapisha mwaka 2009 matokeo ya watoto wa Uingereza wa miaka 10 hadi 12: waliotumia vifupisho kwa wingi ndio waliokuwa na alama nzuri zaidi za kusoma maneno. Mwaka 2011 Wood na wenzake wakaenda mbali zaidi. Walichukua watoto wa miaka 9 na 10 ambao hawakuwa na simu, wakawapa baadhi yao simu za kutumia wikiendi kwa wiki 10, na hawakuona tahajia ya hao waliopewa ikiharibika ukilinganisha na wenzao. Upande wa pili, Cingel na Sundar mwaka 2012 walikuta kwamba wanafunzi wa Marekani waliotumia na kupokea lugha ya kuchati kwa wingi walikuwa na alama za chini za sarufi. Lakini huo ulikuwa uhusiano wa vitu viwili kwenda pamoja, haukuthibitisha kwamba kimoja kimekizaa kingine. Angalia pia walichopima: watafiti wa Uingereza walipima kusoma na tahajia ya maneno, wa Marekani walipima sarufi. Inawezekana kabisa neno mojamoja likabaki salama huku muundo wa sentensi ukiyumba. Ukisoma orodha yako ya mambo manne utaona inaelekea hukohuko.

Nina tahadhari moja. Tafiti hizo ni za Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi, hivyo mtoto anayechezea sauti na herufi anapata mazoezi ambayo shule inamdai. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo faida hiyo huenda ikawa ndogo kwetu. Hata hivyo, anayeandika "k2" ametumia jina la Kiingereza la tarakimu, na anayeandika "7bu" ametumia jina la Kiswahili, mara nyingi ndani ya ujumbe mmoja, na wote wanaelewana. Huyo masikio yake yanafanya kazi. Usimtangazie kwamba hajui lugha.

Tatizo zito ni lako la tatu. Kwenye kuchati, kitufe cha kutuma kimechukua kazi ya nukta, na mpangilio wa jumbe kwenye skrini umechukua kazi ya viunganishi. Mtu akituma:

mkutano umeahirishwa
mvua
ukumbi unavuja
kesho saa 4
mje na madaftari

msomaji anaunganisha mwenyewe: mvua ndiyo sababu ya kuvuja, kuvuja ndiko kumeahirisha mkutano, kesho ndiyo siku mpya. Mwandishi hakuandika "kwa sababu" hata mara moja na hakuna aliyepotea. Akiandika insha kwa mtindo huohuo, msomaji hana skrini ya kumsaidia na hawezi kuuliza "kwa nini?" akajibiwa hapohapo. Ndiyo maana vifupisho vyote vikirefushwa insha bado inakuwa mbovu. Wanafunzi wengi hurekebisha kwa kuandika: "Mkutano umeahirishwa. Kuna mvua. Ukumbi unavuja." Tahajia safi, na hakuna hoja.

Zoezi linaloingia kwenye dakika 40 ni hili. Tunga jumbe 10 hadi 12 za mfululizo (zitunge mwenyewe, usichukue za kundi la watu). Dakika 5 za kwanza wanafunzi hawaandiki sentensi yoyote: kati ya kila ujumbe na unaofuata wanaandika pembeni uhusiano uliopo, yaani sababu, matokeo, kinyume, wakati, nyongeza au sharti. Dakika 15 zinazofuata wanaandika aya moja ya maneno 80 hadi 100. Kisha dakika 10 wanaibana aya hiyo iwe sentensi moja ya maneno 20 hadi 25. Zilizobaki ni za kusomeana. Mfano wa hapo juu ungetoka hivi: "Kwa kuwa mvua imesababisha ukumbi kuvuja, mkutano umeahirishwa hadi kesho saa 4 asubuhi, na kila mmoja anatakiwa kuja na daftari lake."

Hatua ya kuandika uhusiano pembeni usiiruke. Ukiiruka, wanafunzi watanyunyiza "hata hivyo" na "hivyo basi" kila mahali kwa sababu wamesikia kwamba viunganishi vinaleta alama. Utasoma "Ukumbi unavuja. Hata hivyo mkutano umeahirishwa", na hapo hakuna ukinzani wowote. Akishaandika pembeni neno "sababu", "hata hivyo" haina pa kuingilia.

La mwisho kuhusu hili ni virejeshi. Kuchati huvikwepa sana. Wape sentensi mbilimbili waziunganishe: "Mtu alipiga simu. Mtu huyo ni fundi" iwe "Aliyepiga simu ni fundi." "Tulifika. Geti lilikuwa limefungwa" iwe "Tulipofika, geti lilikuwa limefungwa." Jozi 8 kwa kipindi zinatosha. Mwanafunzi akimudu -ye-, -o- na -po- bila kusita, urefu wa sentensi zake hubadilika wenyewe.

---

Msahihishaji

Nakubaliana na NuktaMkato kuhusu viunganishi, lakini vifupisho amevipa msamaha mkubwa mno. Kwenye mtihani muda unabana, na mkono ukibanwa hufuata mazoea. Mwanafunzi anajua vizuri kwamba "cjui" si tahajia sanifu, na bado ataiandika ukurasa wa tatu akiwa amebakiwa na dakika kumi. Msahihishaji haoni anachokijua, anaona alichokiandika.

Bahati nzuri kifupisho ni kosa jepesi kuliko yote kulikamata. Kiswahili sanifu hakitumii x wala q, na c haisimami peke yake, lazima ifuatwe na h. Kwa hiyo dakika 3 za mwisho mwanafunzi asisome insha yake, apitishe macho tu akitafuta vitu vitatu: x au q yoyote, c isiyo na h mbele yake, na tarakimu iliyogandamana na herufi. Ukiacha majina ya watu na ya mahali ya kigeni, karibu kila atakachokikuta ni kifupisho. Atakuwa amebakiwa na vile vya irabu kuachwa, kama "kwn", "hv" na "vp". Hivyo avitafute kwa kanuni nyingine: neno la Kiswahili huishia na irabu. Yapo machache ya mkopo yanayokataa, mengi yake yenye asili ya Kiarabu, lakini kwa ukaguzi wa dakika 3 kanuni inatosha.

Macho yafuate mistari kutoka chini kwenda juu. Ukienda juu kwenda chini unaanza kufuata maana na jicho linaruka makosa.

---

KibodiNaKalamu

Mimi naingia kwenye jambo la pili, kwa sababu ndilo linalobadilisha maana na watu hulipita haraka.

H na maneno kukatwa yamewekwa pamoja kwenye swali, lakini hayatoki sehemu moja. H inayopotea imetoka mdomoni. Mtu asiyeitamka kwenye usemi wa kila siku hawezi kuiandika, awe na simu au kalamu. Kuchati kumefanya tu usemi huo uandikwe kila saa na usomwe na wengi, mpaka umbo lisilo na h likaonekana la kawaida machoni. Hali ni hiyohiyo kwa l na r (kalamu na karamu) na kwa th na s (thamani na samani). Uzito wa h ni kwamba inabeba ukanushi. "Ana deni" na "hana deni" ni kauli mbili zinazopingana, na kinachozitenganisha ni herufi moja. "Ana kosa", "hana kosa". Ukiwaonyesha wanafunzi jozi hizi kwenye taarifa ya hukumu au ya matibabu, hawahitaji mahubiri zaidi.

Maneno yaliyokatwa ni jambo lingine, na hapo kibodi ina mkono wake. Ukigusa neno kwenye pendekezo, kibodi nyingi huweka nafasi yenyewe. Mtu anaandika "ana", linapendekezwa, analigusa, nafasi inaingia, anaendelea na "soma". Tayari "ana soma". Baada ya miezi, jicho limezoea na mkono unaandika hivyohivyo kwenye daftari. Kibodi iliyowekewa Kiingereza pekee huongeza uharibifu, kwa sababu kila kitenzi chetu chenye viambishi vitatu inakiona ni kosa, inakipigia mstari mwekundu au inakibadilisha kabisa. Mtu hujifunza kukikata vipande ili mstari uondoke.

Namna ya kujua kosa ni la mdomo au la kibodi: chagua kifungu cha maneno 100 chenye ha- za kukanusha zisizopungua 8 na vitenzi vyenye viambishi visivyopungua 10. Kisome kwa imla, nusu ya darasa wakiandika kwa mkono na nusu kwa simu. Siku nyingine geuza makundi. Kosa linaloonekana kwenye karatasi na kwenye simu limeshaingia kichwani. Linaloonekana kwenye simu tu ni la kibodi.

Kwa la kibodi, fungua mipangilio ya kibodi, nenda sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili (Gboard, kibodi ya Google, inacho), kisha zima usahihishaji wa kujiendesha na uache mapendekezo. Mapendekezo yanakuachia uamuzi, usahihishaji unakuamulia.

Kwa la mdomoni, usianze na kuandika. Wasome jozi kwa sauti, mmoja anasema "hana" au "ana", mwenzake ananyoosha mkono akisikia kinyume. Jozi 20, dakika 4, kila kipindi kwa wiki mbili au tatu. Asiyeisikia h hataiandika hata umkate alama zote. Na ukishaanza, jihadhari na "hasante" na "hacha": hizo huongezeka wiki za kwanza kwa sababu mwanafunzi ameambiwa anaacha h, basi anaitia kila mahali. Zinapungua sikio likishapata kipimo, usizikate alama mapema.

---

SautiYaPili

Nichukue la nne, la kuzungumza.

Mazungumzo ya ana kwa ana yana mwendo mkali sana. Stivers na wenzake mwaka 2009 walilinganisha lugha 10 za mabara tofauti, wakakuta pengo kati ya swali na jibu ni takriban milisekunde 200 kwa wastani, yaani moja ya tano ya sekunde. Maana yake msikilizaji anaanza kuandaa jibu mwenzake hajamaliza. Kuchati hakudai hivyo. Unasoma, unaacha, unafuta, unaandika upya. Mwanafunzi aliyezoea kufuta anapopewa nafasi ya kusema anatafuta kitufe cha kufuta na hakipo, ndiyo anakwama. Hajakosa maneno. Amekosa mazoezi ya kuendelea mbele na sentensi iliyoanza vibaya.

Ujumbe wa sauti haumfundishi hilo, ingawa wengi hudhani unafundisha. Anarekodi, anasikiliza, anafuta, anarekodi tena, na hakuna anayemkatiza.

Zoezi: wawili wakae wakipeana migongo. Mmoja ana mchoro wenye maumbo 6 au 7, mwingine ana karatasi tupu. Dakika 3, mwenye mchoro aeleze, mwenzake achore na aruhusiwe kuuliza. Migongo inaondoa mikono na macho. Kinachoharibika karibu mara zote ni vioneshi: "weka hapo", "ile ya pembeni", "iwe hivi". Msikilizaji haoni "hapo" ni wapi. Mwambie msemaji ataje kwanza sehemu ya karatasi, kisha umbo, kisha ukubwa ukilinganisha na umbo lililotangulia. Warudie wakibadilishana zamu na mchoro mwingine, na usimruhusu mtu kuanza upya. Akikosea aseme "nirekebishe hapo" na aendelee. Hayo maneno mawili ndiyo mbadala wa kitufe cha kufuta.

Kwa wanaoogopa kupiga simu, wape hatua za kushika: jitambulishe, taja sababu ya kupiga, omba unachotaka, rudia mlichokubaliana, aga. Hatua ya nne ndiyo husahaulika, na ndiyo inayozuia ugomvi wa "mimi nilielewa vingine".

Halafu kuna toni. Kruger, Epley na wenzao mwaka 2005 waliwapa watu kazi ya kutuma sentensi za kejeli na za kweli kwa baruapepe. Watumaji walitarajia wapokeaji wapatie kama asilimia 78. Walipatia asilimia 56, karibu na kurusha sarafu. Kwa sauti walipatia karibu kama ilivyotarajiwa. Mwandishi anasikia toni yake kichwani anapoandika na anadhani imeenda na maneno. Hata nukta ina toni siku hizi: utafiti wa Gunraj na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba jibu la neno moja lenye nukta kwenye ujumbe wa simu lilionekana halina moyo wa dhati kuliko lisilo nayo, wakati kwenye ujumbe ulioandikwa kwa mkono nukta haikubadilisha kitu. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwepa nukta kwenye simu anafuata kanuni ya pale. Mwambie tu kwamba kwenye insha kanuni ni nyingine.

Chukua neno "sawa" likiwa peke yake. Linaweza kuwa nimeelewa, nakubali, nimesoma tu, au nimeudhika. Waandike majibu manne kamili, moja kwa kila maana, lisizidi maneno 8. Zoezi la dakika 5, na linawafungua macho kuliko mhadhara.

---

Mwalimu_Daftari

Asanteni sana, wakuu. Nimepata mpangilio: imla ya kupima kwanza, sikio la h mwanzoni mwa kila kipindi, viunganishi kama kazi kuu, na ukaguzi wa x, q, c mwishoni. Yamebaki mawili. Kwenye kusahihisha, nikikata kila kosa karatasi inajaa wekundu na mwanafunzi hasomi chochote. Na kazi za nyumbani wengine wanaziandika kwenye simu, hao nawafanyaje?

---

NuktaMkato

Sahihisha aina moja kwa mzunguko. Insha ya kwanza weka alama kwenye uhusiano wa sentensi tu, na ya pili h na ukanushi tu. Watangazie mapema unachotafuta. Vifupisho usivisahihishe kabisa: zungushia duara kimoja cha kwanza, rudisha karatasi, mwenyewe atafute vingine kwa njia ya Msahihishaji. Kila zoezi libadilishie msomaji, leo rafiki, kesho mkuu wa shule, keshokutwa ofisi inayotoa nafasi ya kazi, habari ikiwa ileile. Mwanafunzi anayeweza kuandika jambo moja kwa wasomaji watatu tofauti ameshavuka tatizo la vifupisho bila kuambiwa.

---

KibodiNaKalamu

Wanaoandika kwenye simu wana faida moja ambayo karatasi haina: kitafutio. Kabla ya kutuma kazi, watafute vipande hivi kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na nafasi mbele na nyuma: "nime", "ume", "wame", "nili", "wali", "nita", "wata". Hivi havisimami peke yake kama viambishi, hivyo kila kinachopatikana kinaunganishwa na kitenzi kinachofuata, isipokuwa "wali" ikiwa ni chakula au "ume" kwa maana ya uanaume. Kisha watafute "ana", "wana", "nina" na "tuna". Hivi vinaweza kusimama, kwa hiyo vinahitaji kutazamwa: kikifuatwa na nomino kiache, kikifuatwa na kitenzi unganisha. "Ana kitabu" inabaki, "ana soma" inakuwa "anasoma". Mwisho watafute kinyume chake, yaani yaliyogandamana: "kwasababu", "kwahiyo", "kwakuwa". Hayo yanatenganishwa. Kwa insha ya kurasa mbili ukaguzi wote hauzidi dakika 6, na ufanyike baada ya kupumzika kidogo, usifanyike papohapo kidole kikiwa bado juu ya kitufe cha kutuma.